Uso wa Askari wa Risasi

Watu wa mji huu, siku zile bado ukiitwa Albertville, walimjua baba yangu kwa mambo mawili: mkono wake usiotetemeka na medali yake ya Tabora. Mkono ulikuwa wake kweli. Ndiye aliyeandika majina ya meli kwenye shantie ya bandarini, karakana ya meli, herufi ndefu kama mtoto wa miaka mitatu, bila rula, akiwa amekaa kwenye ubao ulioning'inizwa kwa kamba juu ya maji. Medali haikuwa yake. Hilo nililijua mwaka 1956, nikiwa mwanamke wa miaka thelathini na mitatu, mjane, niliyerudi kwa wazazi na vikapu vyangu vya ndakala, dagaa wetu wa kuuza, nikidhani nyumba ile naijua mpaka panya wake.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Papa ilikuwa na urefu wa miaka thelathini na mitano, naye aliitembea yote kwa miguu, na bado nasema hakuwa mwongo. Soma kwanza, kisha hukumu.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Kyungu. Alizaliwa upande wa Nyunzu, mdogo wa Ilunga. Ilunga alichukuliwa uaskari kabla ya vita vya Wadachi. Vita vilipokolea, mwaka 1916, majeshi ya Wazungu wa huku kwetu yakavuka ziwa kuwafuata Wadachi mpaka Kigoma, na kutoka pale yakafuata reli kuelekea Tabora. Kyungu alikuwa na miaka kumi na saba. Alichukuliwa upagazi, akatwikwa sanduku la risasi, akaambiwa afuate. Akamwomba nyapara ampange nyuma ya kikosi cha kaka yake, na nyapara, ambaye alikuwa na moyo siku hiyo, akakubali. Ndivyo walivyokwenda wiki baada ya wiki, mkubwa mbele na bunduki, mdogo nyuma na sanduku.

Wote wawili walirudi wazima, bahati ambayo wapagazi wengi hawakuipata. Lakini mwaka 1919 ile homa kubwa iliyozunguka dunia ilifika mpaka ziwani kwetu, ikammaliza Ilunga kwa siku nne. Akaacha mke kijana, Émérence, ambaye alikuwa bado hajazaa.

Kwetu mtu mzima hafi akaacha mahali pake wazi. Wazee humketisha ndugu yake kwenye mkeka wa marehemu, humpaka udongo mweupe, humpa upinde wake, jina lake na mjane wake. Kuanzia asubuhi ile yeye ndiye. Watoto wa marehemu humwita baba, wakwe humwita mkwe, na jina lake la zamani halitamkwi tena, kwa sababu kulitamka ni kumfukua aliyelala. Kyungu aliketi mkekani, akainuka Ilunga. Akamwoa mama yangu.

Miaka miwili baadaye watu waliitwa ufukoni. Mzungu mmoja alisimama na karatasi, karani pembeni yake, na kisanduku cha medali juu ya meza. Akasoma majina. Mengi hayakujibiwa. Akasoma, "Ilunga." Papa akajibu, "Niko." Angejibu nini kingine? Ilunga alikuwa yeye. Ukoo mzima ulikuwa shahidi, na mke wa Ilunga alikuwa nyumbani akimpikia bukari, ugali wetu. Akabandikwa medali kifuani, karani akaandika, na kwa maandishi yale akapewa nyumba ya matofali huku mtaa wa Kataki, kwenye mstari wa nyumba za askari wa zamani.

Ilimchukua siku kadhaa kuelewa kwamba kwa karatasi ya Mzungu jina ni la mwili mmoja tu, na mwili ule ulikuwa umeshaoza. Akamwendea karani kumweleza. Karani, mtu wa watu, akafunga mlango na kumwambia kwamba kuchukua medali ya mtu mwingine ni gereza na kiboko, basi arudi nyumbani na asimwambie mtu. Papa akarudi nyumbani. Kisha nikazaliwa mimi, nikaandikwa Thérèse, binti wa Ilunga Hippolyte, askari wa Tabora. Wakazaliwa wadogo zangu, wakaandikwa vilevile. Kila cheti kilikuwa msumari mwingine kwenye mlango uleule.

Hayo yote sikuyajua. Nilichojua ni kwamba kila Septemba Papa alivaa medali, akasimama mstarini, na akiombwa asimulie vita alisema maneno mawili matatu juu ya matope na njaa. Watu wakasema ni mnyenyekevu. Nilijua pia kwamba wanawake wengine wa Kataki waliwaita waume zao kwa majina ya watoto, Papa Cyrille, Papa Christiane, lakini mama yangu alimwita wake "Ilunga" tu, kwa sauti, hata mbele ya wageni. Ndivyo alivyoagizwa na wazee siku ya mkeka. Majirani walidhani anajivunia medali. Na mimi pia.

Basi, mwaka ule wa 1956 vita vya Tabora vilitimiza miaka arobaini, na komite ya sherehe ikawa chini ya Kapiteni Lambrechts, mzee aliyestaafu akakataa kurudi Ulaya. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ni askari wadogo wa risasi, sanamu za madini zenye urefu wa kidole. Waliletwa kwake ndani ya visanduku vya majani makavu, wakiwa watupu, rangi ya sufuria, naye akawapaka nguo moja moja chini ya kioo cha kukuzia. Alishawapaka maofisa wote wa Tabora. Kisha mikono yake ikaanza kutetemeka, na askari mweusi mmoja akabaki mtupu kisandukuni. Sanamu zile zingewekwa ndani ya kabati la kioo kwenye ukumbi wa sherehe, zibaki pale daima, watoto wa shule waje kuzitazama.

Akamwita Papa mbele ya komite nzima. Akasema mji huu una mtu mmoja tu mwenye mkono wa kazi hii na ambaye pia alikuwepo kwa macho yake. Akamkabidhi yule askari, kioo cha kukuzia na tyubu saba za rangi.

"Jipake weye mwenyewe, Ilunga," akamwambia. "Sawa na ulivyokuwa siku ile."

Akampa miezi miwili. Kadi ya kuweka chini ya sanamu ilikuwa imeshaandikwa.

Papa alirudi nyumbani na kisanduku kwapani kama mtu aliyebebeshwa yai la nyoka. Nilifurahi kwa niaba yake, mjinga mimi. Nikamfutia meza ya dirishani, nikafukuza kuku, nikatangaza sokoni kwamba baba yangu atawekwa kwenye kioo.

Alianza na ardhi. Hilo lilinishangaza, maana nilidhani ataanza na mtu. Alitoka shantie saa kumi kila siku, akala, akanawa, kisha akakaa dirishani mpaka mwanga ulipomkatalia. Alichonga kibao cha mvule, kipana kama kiganja. Akasaga udongo wa kichuguu, akauchanganya na gundi ya seremala na unga wa mbao, akaukandika juu ya kibao, akaupa mwinuko mdogo na bonde. Mchanga wa ziwa aliupepeta kwa chujio la chai la Mama, na wakagombana. Nyasi alizikata kutoka ufagio wa zamani, akazichovya rangi, akazipanda moja moja kwa ncha ya mwiba. Halafu akaleta verni ya meli, ile ya kung'arisha mbao, ndani ya kopo la maziwa. Alidondosha tone bondeni, akaliacha siku mbili likauke, akadondosha jingine, siku mbili tena, mpaka dimbwi likajaa, ukitazama unaona chini yake majani yaliyooza. Nikamwuliza ni wapi pale. Akasema ni bonde la mto Malagarasi, baada ya mvua, mahali ambapo sanduku lilikuwa...

Akapanda unyasi mwingine. Akasema, mahali ambapo masanduku ya watu yalikuwa yakizama.

Jambo la mwisho lilikuwa nyayo. Alichonga kijiti cha kiberiti kikawa kisigino, kingine kikawa vidole vitano, akavikanyagisha kwenye udongo alioulowesha tena. Mbele alikanyagisha nyayo nyepesi. Nyuma yake akaweka nyingine, za kina kirefu, vidole vimechimba chini. Nilimwambia askari wake mmoja amekuwa na miguu minne. Hakucheka.

Zahoro alikuja kutazama. Huyu alikuwa jirani yetu, fundi wa kuziba nyufa za mashua, wa ukoo wa wale wafanyabiashara wa zamani waliotoka Ujiji. Ardhi aliisifu sana. Sanamu hakuigusa, akaweka mikono nyuma ya kanzu yake. Akamtania Papa kwamba siku ya kiyama mwenye kutengeneza sura ya mtu ataambiwa aipulizie roho, na sasa yeye Papa ataipulizia ipi, maana ana moja tu na imechakaa. Walikuwa wakitaniana hivyo tangu ujana, Zahoro akimwita kafiri wa rangi, Papa akimwita shehe wa lami. Siku hiyo Papa alitazama chini, akasema Zahoro ameuliza swali zuri. Zahoro akaondoka mapema.

Kisha akamshika yule mtu wa risasi. Alimsugua kwa limau na majivu kutoa mafuta, akampaka nyeupe nyembamba ili rangi zikamate, akamsimamisha kwenye kizibo cha chupa. Tyubu za Kapiteni zilikuwa nzuri, lakini brashi zilikuwa nene, kwa hiyo akajitengenezea yake kwa nywele za sikio la mbuzi, sita tu, zilizofungwa kwa uzi kwenye unyasi. Kaki aliichanganya mwenyewe: njano, nyeupe, nyeusi kidogo, na kijani cha milango ya misheni alichokiomba kwa fundi. Akapaka vivuli kwanza, ndani ya mikunjo. Kisha akakausha brashi mpaka ikabaki na vumbi tu la rangi, akapapasa juu ya mikunjo, na nguo ikainuka ikawa nguo. Alimpaka mgongo. Mungu wangu, mgongo ule. Blanketi lililokunjwa na kufungwa kwa kamba mbili, moja ya mkonge na moja ya gome. Sufuria yenye kishikio kilichovunjika. Doa la jasho lenye umbo la jani. Kiraka kwenye suruali, chini ya goti la kulia. Alifanya kazi kwa siku kumi bila kuuliza kitu, bila kufuta kitu, na wakati mwingine nilimsikia akiimba chini chini wimbo wa wapagazi. Nilifikiri ajabu, askari kuupenda wimbo wa wapagazi.

Akamgeuza. Na hapo mkono wake ukasimama.

Wiki ya kwanza nilidhani amechoka. Wiki ya pili nikaona kwamba anakaa mezani, anamshika yule mtu kwa kizibo, anamtazama kifua cheupe kisicho na kitu, kisha anamgeuza tena na kuongeza nukta moja mgongoni. Alianza kukonda. Alimtembelea Papa Adalbert, mzee aliyekuwa Tabora kweli na asiyejua kunyamaza, akakaa kwake jioni nzima akisubiri atamke neno moja juu ya kifungo au mkanda. Adalbert akazungumza juu ya mbuzi aliowala kule Ussoke, njiani. Na Papa angemwulizaje? Mtu hamwulizi mwenzake kifua chake mwenyewe kilikuwa na vifungo vingapi. Sherehe ikabakiza siku ishirini.

Mimi, kwa ulimi wangu huu, nikamwambia mezani, "Papa, umesahau hata nguo yako?"

Mama aliweka kijiko chini. Hakunikaripia. Alimtazama Papa, na Papa akamtazama, na nikajua kwamba katika nyumba ile kuna kitu kikubwa kuliko mimi. Nikainuka kuchukua vikapu vyangu.

"Thérèse, kaa," Papa akasema. "Weye ni mutu muzima."

Ndipo akanieleza yote niliyoyaandika hapo juu, mkeka, ufuko, karani. Alieleza kama anayesoma jina la meli, herufi kwa herufi. Sijui niseme nilisikia nini. Niliogopa. Nilifikiri juu ya nyumba, juu ya cheti changu cha ndoa, juu ya wadogo zangu wawili waliopata kazi relini kwa barua iliyotaja medali. Nikafikiri pia, kwa aibu, kwamba baba yangu hakuwahi kupiga hata risasi moja, na kwamba nilikuwa nimetangaza soko zima.

Kisha akamgeukia Mama. Miaka thelathini na saba alikuwa amelala na mwanamke huyu, na hakuwahi kumwuliza kitu chochote juu ya mume wake wa kwanza. Kwa desturi hakukuwa na mume wa kwanza. Alikuwepo mmoja tu.

"Miye nilimuona mugongo tu," akamwambia. "Njia yote ile. Jioni wao walilalaka kwao na sisi kwetu. Sasa hata uso wake umenitoka."

Mama alisogeza sahani kando. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na yaliyopimwa.

"Weye ulimufuata," akasema. "Miye nilimungojea. Niliona akikuja."

Akamweleza. Vifungo vitano vya shaba, ila cha pili kutoka juu kilikuwa cha mfupa, kwa sababu cha shaba kilipotea, naye alimshonea cha mfupa siku ile wanavuka. Mifuko miwili ya risasi mbele, wa kushoto umelegea. Mkanda umeongezwa tundu, maana alikuwa mwembamba. Shingoni kamba yenye kipande cha mti wa dawa, ndani ya kola, lakini yeye alijua kipo. Rangi yake maji ya kunde, si kama Papa aliyekuwa mweusi kama chini ya chungu. Nyusi ya kushoto imekatika katikati kwa jeraha la utotoni. Masharubu membamba aliyoyatunza kwa mafuta ya mawese, wenzake wakimcheka. Akisema hayo alikuwa akitazama mlangoni, si kwa Papa, na uso wake ulikuwa wa msichana ambaye mimi sikuwahi kumwona. Nilitaka atulie, kwa ajili ya baba yangu. Papa hakutaka atulie. Kila alipokoma alimwuliza, na kingine?

Alimpaka kwa siku nane. Mama alikaa kando akichambua maharage, na alipoulizwa alijibu: juu kidogo, chini kidogo, hapana, alikuwa anacheka upande mmoja. Siku ya nane Papa aliweka mboni za macho kwa unywele mmoja, akamsimamisha juu ya ardhi ya Malagarasi, mbele ya zile nyayo za kina. Mama akamtazama kupitia kioo cha kukuzia. Akasema, "Njo yeye." Akaenda jikoni, akakaa huko mpaka moto ukazimika.

Nikamwambia Papa kwamba aliagizwa ajipake yeye. Akasema mtu mwenyewe ni mdogo kama kidole, nani atajua. Lakini alilisema kama mtu anayetumaini kwamba mtu fulani atajua. Nadhani alishachoka. Nadhani alitaka kukamatwa.

Tulipompelekea Kapiteni, nilibeba mimi, kikapuni, kichwani, maana Papa hakuamini mikono yake siku hiyo. Ni mwendo mrefu kutoka Kataki mpaka zile nyumba za mlimani. Nilitembea nyuma yake njia nzima. Nilijua kisigino chake cha kushoto kilichopasuka na shati lilivyoshika jasho katikati ya mabega, na leo ukinipa brashi ningeweza kukuchorea.

Kapiteni aliweka kibao karibu na dirisha, akavaa miwani, akachukua kioo. Alitazama dimbwi, akacheka kwa furaha ya kweli. Alimgeuza askari, akatazama mgongo muda mrefu, akasema neno kwa Kifaransa ambalo lilikuwa la kusifu. Kisha akafika usoni. Akakaribia. Akamtazama Papa, akatazama tena.

"Huyu hapana weye," akasema.

Papa alivua kofia. 

"Ni kweli, Bwana Kapiteni. Huyu njo Ilunga. Alikufa na ile homa. Miye niko Kyungu, mudogo wake. Nilikuwaka nyuma, na sanduku."

 Nilikuwa nimesikia jina lile mara moja tu, mezani kwetu, likitajwa kama la mtu mwingine. Sasa lilikuwa limesemwa na mwenyewe, wazi, na nilimwona Papa amesimama wima kuliko alivyowahi kusimama na medali. Alikuwa akingoja gereza, nami naapa kwamba alikuwa na nafuu.

Kapiteni alivua miwani, akakaa. Hakukasirika. Ingekuwa heri angekasirika. Alieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto kwa nini mvua haiwezi kurudishwa juu. Alisema programu zimeshachapwa. Alisema mkubwa wa jimbo anakuja, na kadi ina jina. Akafungua jalada, akapitisha kidole kirefu kinachotetemeka juu ya karatasi za zamani.

"Kyungu hapana kwa listi," akasema. "Wapagazi hapana kwa listi. Kama Ilunga alikufa, lazima miye niandike. Nikiandika, watauliza nani iko mu nyumba, na watoto ni wa nani. Unataka niandike?"

Papa alinitazama. Nilipaswa kusema andika. Mpaka leo najiuliza ingekuwaje ningesema hivyo. Nilitazama kikapu changu.

"Hapana, Bwana Kapiteni," Papa akasema.

"Basi weka uso yako." Kapiteni akaonyesha shavu la Papa, kovu pana aliloachiwa na lami ya moto kwenye shantie mwaka 1938. "Na hii weka, watu wakujue."

Hivyo ndivyo askari wa mwaka 1916 alivyopata jeraha la mwaka 1938. Nilimchukia mzee yule. Njiani nilimchukia na Papa pia, kwa muda wa kushuka mlima, kwa sababu alikuwa akitembea mbele yangu polepole na akisalimia watu.

Alifanya kazi ile siku iliyofuata, mchana, siku ya Jumapili. Alichovya kitambaa kwenye terebentini. Mama alikuwa kwenye kiti chake na maharage yake. Papa alimwita, akamwuliza kama anataka kutazama tena kabla. Mama akasema amekwisha kumwona. Papa akapitisha kitambaa mara moja, mara mbili, na Ilunga akatoka usoni akabaki kwenye kitambaa, doa la kahawia. Mama akanyoosha mkono, akakiomba. Akakikunja kidogo kidogo, akakifunga kwenye pindo la kitenge chake, akaendelea kuchambua.

Kisha Papa akasimamisha kioo cha kunyolea mbele yake, akajipaka.

Sherehe ilikuwa nzuri, siwezi kukataa. Palikuwa na tarumbeta, vitambaa vya rangi tatu, wake za Wazungu wenye glavu. Medali ziling'arishwa. Jina la Ilunga Hippolyte lilisomwa, Papa akajibu, akapeana mkono na mkubwa wa jimbo, wakampigia makofi. Kisha milango ya ukumbi ikafunguliwa, tukajipanga kupita mbele ya kabati. Maofisa wa risasi walisimama nyuma na darubini zao. Mbele kabisa alisimama yule askari mdogo juu ya Malagarasi, mweusi, kovu shavuni, kifungo cha pili cha mfupa. Papa Adalbert aliweka pua kwenye kioo, akasema, "Njo weye kabisa." Wote wakakubali. Mwalimu aliwaambia wanafunzi wamtazame shujaa na sanamu yake, wafananishe. Hakuna aliyeuliza zile nyayo nyingine ni za nani.

Papa aliwekwa kando ya kabati, asimame hapo. Kila aliyepita alimtazama yeye, akatazama kioo, akamtazama tena. Alisimama saa mbili. Mikono yake ilikuwa ubavuni, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliiona ikitetemeka.

Mama alipita mwisho, watu wakiwa wamepungua. Hakutazama uso wa sanamu. Aliinama, akaweka kidole kwenye kioo, usawa wa zile nyayo za kina, vidole vimechimba udongo. Akakaa hivyo mpaka mlinzi akakohoa. Kisha akaja mpaka mlangoni nilipokuwa nimesimama, akageuka kumtazama mume wake aliyekuwa bado wima pale, anatazama mbele kama alivyoagizwa.

"Kyungu," akamwita.

Nilishtuka. Lilitoka kinywani mwake kwa taabu, kama mlango wa ghala lililofungwa siku nyingi. Alikuwa mwanamke wa desturi, na alijua anachokivunja. Papa hakusogea.

"Kyungu," akasema tena, kwa sauti kubwa zaidi. "Twende kwetu."

Watu wawili watatu waligeuka kuona anaitwa nani. Papa hakugeuka. Hakuwa amekataa, na hakuwa kiziwi. Alikuwa hatua kumi kutoka kwetu. Alisikia mwanamke akimwita mtu, akaendelea kusimama, kama sisi sote tunavyofanya jina likiwa si letu.

Mama alingoja kidogo. Alishika lile pindo la kitenge lenye fundo.

"Ilunga," akaita.

"Niko," Papa akajibu, akageuka, akaja.